Umefikaje Hapa

"Nilikwambia usitoke. Nilikwambia au sikukwambia?"

Fundi aliyasema hayo akiwa amemshika mkewe mkono barabarani, mbele za watu, kama anayemrudisha mtoto mtoro. Mkewe alikuwa ameganda kwenye njia panda, macho yanahangaika kutoka ukuta huu hadi ule.

"Nilifunga kitambaa hapa," alisema. "Chekundu. Kwenye nguzo hii."

"Wewe unakiona?"

"Sikioni."

"Basi kichwa bado. Twende nyumbani."

Mwanamke huyu alikuwa dereva wa basi la shule. Mji ulikuwa kiganjani mwake, vichochoro na njia za mkato zote, na majirani mpaka leo walimwita Dereva. Lori lililokatika breki lilimbamiza ubavuni asubuhi moja, wakati ameshawashusha watoto. Alipozinduka hospitalini alimjua mumewe, alijua siku yao ya ndoa, alikumbuka kila kitu isipokuwa njia. Akitoka chooni, hajui chumba chao kiko upande gani. Daktari alieleza kwamba ubongo umeumia pale panapotunza ramani, na kwamba kwa mazoezi anaweza kurudi, si haraka, wala si yote.

Mwanzoni Fundi alikuwa mume kweli. Alifunga mapema karakana yake ya friji, akampikia, akamshika kiuno kutoka kitandani hadi jikoni huku akimtania: "Abiria, shuka, tumefika." Kisha utani ukakauka. Akawa anaondoka alfajiri, anarudi amechoka, na neno lake likawa moja tu: usitoke.

Aliyekataa neno hilo ni dada yake Fundi. Huyu wifi alimpeleka Dereva kliniki, akakaa naye mbele ya mtaalamu wa mazoezi.

"Usitafute ramani kichwani, haipo," mtaalamu alimwambia. "Shika vitu. Kimoja kikupeleke kwa kingine."

Ndipo walipoanza vitambaa. Lakini kila walichofunga kilitoweka, na kila kilipotoweka Dereva aliamini kwamba kichwa chake ndicho kinachomdanganya. Alilia sana siku zile.

"Wifi, achana na vitambaa," dada mtu alisema mwishowe. "Chagua visivyong'oka. Na tuwe kimya. Tusimwambie mtu."

Wakawa wanatoka Fundi akishaenda kazini. Geti la bluu, pinda kulia. Tangi la maji, nyoosha. Saluni yenye picha ya mwanamke mwenye shingo kama twiga, vuka. Dereva aliyataja kwa sauti, watu wakimgeukia. Siku nyingine aliingia hadi ua wa watu akidhani ni kwao, akafukuzwa na mbwa. Wifi alicheka, akamfuta machozi, wakaanza upya.

Hamu yake ilikuwa moja: afike karakana peke yake, amkute mumewe amechafuka mafuta, amwambie, nimekuja mwenyewe.

Siku ilipofika alibeba chakula kwenye bakuli.

*Nimefika kwenye tangi,* alimwandikia wifi.

*Endelea. Usikimbie.*

*Saluni. Naiona shingo.*

Karakana aliiona kwa mbali, moyo ukamjaa. Ilikuwa imefungwa. Seremala wa jirani, mgeni kwake, aliinua kichwa kutoka kwenye randa.

"Unamtafuta Fundi? Mchana hula kwake. Pale ghorofani, juu ya duka la dawa."

"Kwake?"

"Kwa mkewe. Ana mimba kubwa, hambanduki."

"Si alikuwa na mke, dereva wa basi?"

"Aa, yule. Alitwambia aliharibika kichwa, ndugu zake wakamchukua. Masikini."

"Ndiyo," alisema Dereva. "Masikini."

Alivuka barabara, akapanda ngazi, akabisha. Alifungua mwanamke kijana, mkono mmoja tumboni. Nyuma yake Fundi alikuwa mezani, kijiko hewani.

"Umefikaje hapa?"

Hilo ndilo lililomtoka kwanza. Dereva alilisikia likimshuka mpaka miguuni.

"Nani huyu?" aliuliza mwanamke kijana.

"Mgonjwa wa mtaani kwetu," alisema Fundi, akiinuka haraka. "Hupotea ovyo. Ngoja nimrudishe."

"Sijapotea, dada," Dereva alimwambia mwenyeji wake. "Nimetoka kwetu, nikapinda getini, nikanyoosha tangini, nikavuka saluni. Nimemletea mume wangu chakula."

Mwanamke kijana alimgeukia Fundi. "Uliniambia mliachana."



"Vitambaa vyangu ulivitoa wewe?" Dereva alimuuliza Fundi.

"Nilikuwa naogopa utapotea."

"Ulikuwa unaogopa nitafika."

"Nilichoka, mke wangu. Hujui kazi ya kumwongoza mtu mzima ndani ya nyumba yake."

"Ungeniambia umechoka. Kuchoka ningekuelewa. Wewe uliniacha niamini nina wazimu."

Aliliweka bakuli mezani, akashuka ngazi. Barabarani hasira ilimvuruga kila kitu. Kuta zote zikawa sawa, geti lolote likawa geti. Alikaa kibarazani kwa duka la dawa, akampigia wifi simu.

"Wifi, nimepotea."

"Uko wapi?"

"Nyumbani kwa mume wangu," alisema, akaanza kulia.

Wifi alikuja, akaelezwa, akapanda ngazi. Aliyomwambia kaka yake yalisikika hadi chini.

Talaka Dereva aliidai mwenyewe. Akapanga chumba karibu na shule. Usukani hakuuona tena, ila shule ilimpa kazi ya kuwashika watoto mkono wanaposhuka kwenye basi, huku mwingine akiendesha. Kuna siku bado alipotea, akauliza watu, akaendelea.

Muda ukapita, mtoto akazaliwa, na jioni moja Fundi akapiga simu.

"Ameondoka," alisema. "Amerudi kwao na mtoto. Anasema mtu aliyemficha mmoja atamficha na mwingine."

Dereva aliihamishia simu sikio la pili.

"Nyumba imepoa. Rudi. Nitakufuata, nitakuongoza kama zamani. Au tatizo ni kwamba njia umeisahau?"

Alipenda sauti ile. Hata sasa aliipenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Njia naijua," alisema. "Siji."

Akakata simu, akakaa kitandani, akalia mpaka macho yakavimba. Kisha akanyoosha sare yake ya kazi kwa ajili ya kesho.