Bamba Lililoishia Katikati

Haya yalimkuta rafiki yangu, mtu asiyekubali kushindwa na kitu chenye nati. Mashine yao ya kushindilia taka, ile ya chini ya kabati la jikoni, ilikuwa imemgomea. Ukibonyeza swichi, bamba la chuma la kukandamiza taka ndani ya droo linashuka hadi katikati tu, panasikika mguno kama wa mtu anayeinua gunia, kisha linarudi juu.

"Baba watoto, si uite fundi?" mkewe akamwambia.

"Fundi yuko mbele yako!"

Akatia grisi, akabadilisha mnyororo, akakwangua uchafu wote kwenye reli. Wapi! Akamwaga taka, akarudisha droo tupu, akawasha. Bamba likaishia palepale. Mguno uleule.

"Hata hewa inakushinda?" akafoka, akaipiga teke.

Akachomoa waya ukutani, akaondoa droo, akalala chali na kuingiza kichwa kwenye lile giza linalonuka maganda. Akamulika bamba kwa chini. Chuma kilikuwa kimebonyea kuelekea juu, mahali pawili, kwa umbo la viganja vilivyotanuliwa vidole.

Akakigusa. Bamba zima lilikuwa baridi. Ila penye viganja palikuwa na jasho, bado lina joto.