Moshi wa Mashamba

"Kengele inalia Ghala Namba Nne! Nani yuko karibu? Ova."

Redio ilikoroma, kisha mlinzi Flavian akajibu kwa uvivu.

"Moshi wa mashamba huo, dada. Wanachoma majani njia ya Chala. Ova."

Hellena alitamani kuipigiza redio ukutani.

Alikuwa anakimbia. Chini ya ovaroli ya fundi wa zimamoto, bastola ya Glock ilimgonga mbavuni kila hatua. Wiki tatu jasusi huyu alijifanya fundi katika kituo kikubwa cha utafiti wa mbegu, nje kidogo ya Sumbawanga, akimsaka mtu aliyetumwa na kampuni ya nje kukiteketeza.

Ghala Namba Nne lilitunza mbegu za ulezi wa Ufipa nzima. Nyingine hazikuwepo tena shambani kwa mtu yeyote. Zikiungua, wakulima wataipigia magoti kampuni hiyo iwauzie mbegu.

Na walinzi walivifunika vitambua moshi vyote kwa mifuko ya nailoni, eti vinapiga kelele watu wakichoma mashamba! Aliripoti kwa mkuu wake Dar es Salaam mara tatu. Mara tatu akajibiwa, "Subiri kibali." Leo asubuhi uzalendo ulimshinda. Akapanda ngazi, akang'oa mfuko mmoja tu, wa Ghala Namba Nne.

Moshi ulipenya chini ya mlango. Ulinuka petroli.

Majani gani hayo ya petroli?

Mlango hakuugusa. Gesi ya kuzimia moto hufanya kazi chumba kikiwa kimefungwa. Ilipaswa kufunguka yenyewe, lakini mabomba yalikuwa kimya. Akakata kona hadi chumba cha mitungi.

Injinia Vitus, mkuu wa mitambo, alikuwa ameinama na spana. Koki kuu alishaifunga.

"Kumbe wewe!" Hellena alifoka. "Na shikamoo nakupa kila asubuhi!"

Spana ilimpita sikioni.

Teke moja la goti. Vitus chini. Pingu.

Koki ilikaza. Hellena akaining'inia kwa uzito wake wote, machozi ya hasira yakimtoka, mpaka ikalegea. Akavuta mpini mwekundu.

Gesi ikanguruma. Alipochungulia kwenye kioo cha mlango, rafu mbili zilikuwa nyeusi. Nyingine zote zimesimama.

Simu ikaita. Mkuu wake.

"Kibali kimetoka. Ondoa mfuko mmoja, kwa majaribio."

"Asante, mkuu."

Akakata.

Polisi walipomchukua Vitus, Hellena aliifuata pikipiki yake, Boxer nyekundu. Nje ya Ghala Namba Mbili alimkuta Flavian juu ya ngazi, macho mekundu, anang'oa mifuko. Wa kwanza ulipotoka tu, kengele ikalia.

Hellena alinusa upepo. Nyasi kavu, basi.

"Moshi wa mashamba huo, kaka."

Flavian alisharuka chini. Alikuwa anakimbilia mlangoni na mtungi wa kuzimia moto begani.

"Ngoja nikahakikishe!"

Hellena akapiga kiki, akaondoka.