Pini Ambayo Mjomba Hakuimeza

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na kazi tatu: kubadili sare, kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa katika chumba cha mbele ambamo mama na mjomba walishona nguo, kisha kumpondea mjomba chakula. Hiyo ya tatu niliidharau kuliko takataka za sakafuni. Mtu mzima mwenye mvi apondewe viazi kama mtoto asiye na meno?

Nyama yake ilichemshwa mpaka ikalainika, nami niliiponda mpaka ikawa kama uji. Maji yake yalikuwa lazima yawe vuguvugu. Mjomba alikaa wima kama anayepigwa picha, akala kwa kijiko cha chai, akapumzika, akala tena. Sahani moja ilimchukua saa nzima. Nilimbandika jina la Bwana Kijiko, na rafiki zangu wakalipenda mno. Mmoja aliniuliza kama Bwana Kijiko ameshaanza kutambaa.

Mama alinieleza zaidi ya mara moja kwamba umio wa mjomba, yaani mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni, haukufanya kazi sawasawa. Misuli yake ilikaza ovyo, chakula kikakwama, na maumivu yakambana kifuani kama koleo. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Kwangu mimi ugonjwa ulikuwa homa, kidonda au bandeji. Mtu anayeshona magauni mawili kwa siku huku akitania wateja haumwi, anadeka.

Jumamosi moja rafiki zangu walinisubiri nje na kamba ya kuruka. Sikuwa na muda wa kuponda. Nikaikata nyama vipande, nikaifunika kwa viazi na mchuzi isionekane, nikamimina maji baridi kikombeni. Atafune kama watu wengine, nilijisemea.

Siku hiyo mjomba alikuwa na haraka. Mteja wake, mpishi wa hoteli mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa amekaa pale pale akisubiri upindo wa gauni lake. Mjomba aliacha pini mezani, akachota chakula bila kukitazama, kwa kuwa aliniamini. Akameza, akashushia maji. Ghafla akasimama, mkono kifuani, jasho likimtoka. Alikuwa anapumua, lakini hakuweza kusema, na mate yaliyoshindwa kushuka yakamtiririka kidevuni.

Mama aliniuliza kama nilimpondea chakula.

“Ndiyo, mama. Kama kawaida.”

Akatazama pini zilizotapakaa mezani. Yeye mwenyewe hushona huku amebana pini kwa midomo, kama mafundi wengi, na hofu yake ikaenda huko moja kwa moja. “Basi amemeza pini,” akasema.

Mpishi hakupoteza muda kwa kufikiri. Alitangaza kwamba dawa ya pini ni donge la mkate mkavu. Mtu alimeze zima, liisukume chini. Hakuwahi kusomea tiba hata siku moja, ila alisema kama daktari wa madaktari. Nikatumwa mkate, nikauleta. Mjomba alitikisa kichwa kwa nguvu. Mpishi akasema huo ni woga tu, akamshika taya.

Lile donge lilikuwa kubwa kama ngumi yangu. Nilijua halitapita. Nilijua pia kwamba nikisema, mama ataaibika kwa ajili yangu mbele ya mgeni. Mjomba hakuutazama mkate. Alinitazama mimi.

“Si pini,” nikasema. “Ni nyama. Sikuiponda. Nimedanganya.”

Mama alimpokonya mpishi ule mkate. Tukamwacha mjomba bila kumpa kitu chochote, tukamkimbiza hospitali ya mtaa wa pili. Daktari aliitoa nyama kwa kifaa chake, akatuambia kwamba donge lile la mkate lingeweza kuupasua ule mrija. Mpishi, aliyekuwa ametufuata, alikumbuka ghafla kwamba ana sufuria jikoni.

Jioni mjomba alirudi, sauti ikikwaruza. Nilimwomba msamaha nikilia. Hakunibembeleza.

“Futa hayo machozi, hayapondi nyama,” alisema. “Jina ulilonipa nalijua siku nyingi. Dharau yako haikunikwama kooni, mwanangu. Kilichonikwama ni nyama, na uongo wako nusura uniongezee mkate. Maumivu yangu huyaoni. Basi uliza, au niamini. Na ukikosea, sema hapo hapo, mtu angali anapumua. Leo ulichelewa, lakini ulisema. Ndiyo maana nipo hapa nakusimanga.”

Mama alimletea supu nyepesi, nami kwa mara ya kwanza nikakaa naye mpaka akamaliza. Mara mbili alifumba macho, akashika ukingo wa meza, akasubiri maumivu yapite. Alikuwa akifanya hivyo kila siku. Sikuwahi kuyaona kwa sababu sikuwahi kukaa.