Ruhusa kwa Mume wa Mwosha

Alasiri ile Nasiba alimletea kaka yake chai ya kijani na kipande cha mkate wa tanuri, akasimama mlangoni kusikiliza.

"Kaka Elmurod, nyimbo zako zinagombana kama mawifi."

Elmurod akazidi kubonyeza. Alikuwa DJ wa wiki moja mwenye kiburi cha bingwa. Mashine ya kuchanganyia muziki hakuwa nayo. Alikuwa na kompyuta na kibodi yake. Herufi moja iliwasha wimbo wa kushoto, nyingine wimbo wa kulia, na mishale iliongeza au kupunguza mwendo mpaka ngoma za nyimbo mbili zipige pamoja. Zake hazikuwahi kupiga pamoja. Hata hivyo alikwisha kuutangazia mtaa wao mjini Kokand, Uzbekistan, kwamba Jumamosi, kwenye arusi ya Nasiba, muziki ni wake.

Nasiba akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba bado hajaenda kwa mzee Normat. Mke wa mzee huyo, bibi Oysuluv, aliyekuwa akiosha maiti za wanawake wa mtaa, alizikwa juzi, na mtaani kwao arusi haipigi muziki kabla wenye msiba hawajaombwa ruhusa. Bila ruhusa, majirani wangekula pilau kimya na kuondoka, na aibu ingemfuata bibi arusi hadi ukweni.

"Niende kwa mume wa mwosha maiti?" Elmurod akacheka. "Watu ambao hata kuoana nao hatuoani? Mwosha huoshwa. Yameisha."

Nasiba alimtazama kama mtu atazamavyo tope kwenye kiatu, akaenda zake.

Elmurod akavaa hedifoni. Akawasha wimbo wa kushoto, akawasha wa kulia, akabonyeza mshale. Kwa mara ya kwanza ngoma zikakutana. Akatabasamu.

Chini ya ngoma kulikuwa na maji.

Yalimiminwa, yakakoma, yakamiminwa tena, kwa mwendo uleule wa muziki. Akazima wimbo wa kushoto. Akazima wa kulia. Maji yakaendelea.

Akataka kuvua hedifoni. Mikono haikuinuka. Kitu kilikuwa kikimnyoosha vidole juu ya kibodi, kimoja kimoja, bila papara, kwa ustadi wa aliyezoea vidole visivyojisaidia. Nywele zikalowa. Kisha shingo.

Sauti ya mwanamke ikanong'ona, karibu mno. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na dharau.

"Tulia. Mama yako alitulia."

Mama yake alikufa zamani. Hakuwahi kujiuliza ni nani aliyemwosha.

Nasiba aliporudi kuchukua birika alimkuta ameketi wima, nguo zimemganda mwilini kwa maji. Akauliza kulikoni. Elmurod akasema amemwaga chai.

Kikombe chake kilikuwa kimejaa hadi mdomoni.

Asubuhi, kabla nyumba yao haijaamka, Elmurod alibisha kwa mzee Normat. Akaomba ruhusa, kichwa ameinamisha, mkono kifuani. Mzee akamwambia apige tu. Arusi si kosa, na marehemu alipenda arusi, ingawa hakualikwa nyingi.

Elmurod akashukuru, akageuka kuondoka.

"Mwanangu," mzee akamwita kwa upole, "toa kwanza hiyo pamba masikioni."

Elmurod akapeleka kidole sikioni. Ilikuwepo. Akaivuta: nyeupe, mbichi, inanuka karafuu maiti.

Mzee akanyoosha mkono akaipokea. Akaitazama ilivyosokotwa, akautambua mkono wa mkewe, akaifumbata.