Taa ya Gari la Nasambu

Siku ya soko mjini Kakamega, gari dogo jeupe lilizimika katikati ya barabara, na waendesha boda wakaanza kulitukana kutoka kila upande. Akashuka mwanamke mwenye gauni la kijani, viatu mkononi. Osundwa, fundi wa kompyuta za magari, alisahau chai yake.

Alisukuma gari hadi gerejini, akachomeka mashine ya kupima chini ya usukani. Jibu likaja papo hapo: sensa ya injini ilikuwa inakufa. Kazi ya nusu saa. Lakini akifunga mpya, huyu mwanamke, Nasambu, angekwenda zake moja kwa moja. Osundwa akabonyeza kitufe cha kufuta kosa. Taa ya onyo kwenye dashibodi ikazimika, sensa mbovu ikabaki palepale.

"Iko sawa, madam. Taa ikiwaka tena, niletee mimi."

Ikawaka. Akarudi. Ikawaka tena.

"Hii gari inakupenda," Nasambu alimtania. "Ikikuona tu inapona."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe bado anapimwa."

Kabla mvua hazijaisha walikuwa wanakula ingokho, kuku wa kienyeji, sahani moja, na usiku kila mmoja anamwambia mwenzake akate simu kwanza. Osundwa aliapa kufunga sensa mpya. Lakini Nasambu akiuliza taa imepona vipi, angejibu nini? Akaahirisha. Alikuwa mwoga, basi.

Jumapili simu ikalia.

"Dia, gari imezima! Niko na mama, tunaenda hosi Mukumu, hapumui vizuri!"

"Washa tena, mpenzi."

"Imekataa!"

Alifika kwa boda, sensa mpya mfukoni. Nasambu alikuwa ameketi kando ya barabara, kichwa cha mama yake mapajani, na ameshamfunika marehemu uso kwa leso.

Baada ya mazishi gari likaletwa gerejini likivutwa. Nasambu alivaa nyeusi.

"Nimepimisha kwa fundi mwingine. Anasema hii sensa ilikufa kitambo. Wewe uliiona?"

"Niliiona."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza." Osundwa alikuwa analia. "Nilitaka urudi."

Nasambu alitoa funguo za gari mkobani.

"Ungeniomba tu namba ya simu, Osundwa. Ningekupa."

Akaweka funguo juu ya boneti. "Kaa nayo hiyo gari. Mimi siwezi kuikalia."

Akapanda boda bila kugeuka. Osundwa alifunga ile sensa mpya, kazi ya nusu saa, na taa haikuwaka tena.