Uzito wa Kinanda cha Ciza

Jioni ile Lukole ilinipandisha hasira, na hasira zile sijazimaliza mpaka leo. Nilibeba bisibisi, kompyuta yangu kuukuu, na kopo la nati za baiskeli. Nati ndizo mizani yangu. Kwaya yoyote ya Ngara au Biharamulo ikitaka kinanda kilichokwisha tumika, huniita kwanza mimi, Evarista, nikipime.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Kuna hivi vinanda vya midi, havina sauti yake mpaka uviunganishe na kompyuta. Vilivyo vizuri vina nyundo ndogo ndani, ili kila kibao unachobonyeza kisukume kidole chako kama piano ya kweli. Mimi naweka nati juu ya kibao, moja moja, mpaka kishuke chenyewe. Upande wa kushoto nati sita, katikati tano, kulia nne. Kikienda kinyume na hapo nasema kibovu, na mtu asinibishie.

Mwaka jana, Oktoba, Ciza, mpigaji wa kwaya yetu, aliniletea cha kwake.

"Dada Evarista, vibao vinazidi kuwa vizito. Kila wiki."

Nikaweka nati. Sita, tano, nne. Nikamcheka mbele ya watu. "Kinanda kizima, Ciza. Mvivu ni wewe!"

Akaondoka kainamisha kichwa. Januari alikuwa hawezi kuinua kijiko. Machi tukamzika. Hospitali walisema ni mishipa, basi na mimi nikasema ni mishipa.

Sasa mwenyekiti wa kwaya, Anastazi, ananipigia simu eti nikapime kinanda hichohicho, bado kiko Lukole nyumbani kwa marehemu. Jumapili tunarekodi, na mpigaji mpya ni Nice. Nice ni binti yangu, ana miaka kumi na tisa, nimemfundisha mwenyewe tangu vidole vyake havijafika popote.

"Ukisema kizima, atakipiga," Anastazi alisema. "Tunakusubiri wewe tu."

Huyo Anastazi alikuwa mpigaji kabla ya Ciza. Alipiga miaka ishirini, kisha kwaya ikamtaka kijana, yeye wakampa uenyekiti ili anyamaze. Alinyamaza kweli. Alinyamaza mno.

Nilimkuta mama yake Ciza, Mama Niragira, amekaa kizingitini anachambua maharage. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikaratusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefuata kile kitu?"

"Nimeitwa, mama."

"Hatujaganduka," alisema. Hakuniangalia.

Kwao, watu waliotoka Burundi, chombo cha kazi cha marehemu hakiguswi mpaka siku ya kuganduka, siku wanapoufunga msiba. Jembe lake, panga lake, vyote vinalala. Nililijua hilo. Nikalipuuza, maana mimi najifanya mtu wa vipimo.

"Nilimkataza Anastazi," mama akaendelea. "Nikamkataza na yule mtoto..."

"Mama, tuache tufanye kazi," Anastazi akadakia kutoka ndani, alikokuwa akinisubiri.

Nilipaswa kuuliza ni mtoto gani. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kumaliza nirudi Kasulo kabla ya mvua.

Kinanda kilikuwa mezani, kimefunikwa kitenge. Anastazi hakukifunua. Alisimama mbali, karibu na dirisha, mikono mfukoni. Nikakifunua mwenyewe.

Harufu ikanipiga. Nywele zilizoungua... na udongo mbichi wa kaburi.

"Mmechoma nini humu?"

"Hakuna kitu," alisema Anastazi.

Nikaweka nati. Kushoto, sita. Katikati, tano. Kulia, nne. Nikarudia vibao vyeusi vyote, nikarudia kimoja kimoja. Nikatingisha kila kibao kwa pembeni, hakikuyumba. Nikakiachia ghafla nione kama kinarudi upesi. Kilirudi. Kinanda kizuri kuliko vyote nilivyopima mwaka huu.

"Kizima," nikasema.

Anastazi akashusha pumzi ndefu. Ile pumzi ndiyo iliyoniudhi. Kwa nini mtu ashushe pumzi namna ile kwa ajili ya kinanda?

Nikaunganisha kompyuta. Spika sikuleta, kwa hiyo sauti isingetoka, ila kwenye kioo kila kibao kinachobonyezwa huchora mstari wa kijani. Nikakaa, nikaweka vidole vyangu kumi. Mpaka hapo nilikuwa nimetumia nati tu. Na mwaka jana, Ciza alipokileta, nilikipima kwa nati tu. Sikuwahi kuweka mikono.

Nikabonyeza.

Havikushuka.

Nikabonyeza tena kwa nguvu. Vikashuka kidogo, polepole, na nikahisi uzito. Haukuwa chini ya vidole vyangu. Ulikuwa juu. Viganja viwili vya baridi vilikuwa vimelala juu ya viganja vyangu, vinavikandamiza, vidole juu ya vidole.

Nikavuta mikono. Haikutoka.

"Anastazi..."

Alijibana dirishani.

Nikavuta kwa nguvu zote, kiti kikaanguka, nikaanguka nacho. Mikono ikatoka. Nikabaki sakafuni nahema, nikasikia.

Tk.

Tk... tk... tk.

Nyundo zilikuwa zinagonga ndani ya kinanda. Hakuna muziki, ni mgongano mkavu tu wa mbao. Vibao vilikuwa vinashuka na kupanda vyenyewe, na kwenye kioo mistari ya kijani ilikuwa inajichora. Niliutambua mpangilio wake. Ulikuwa ule wimbo wa kuingilia wa kwaya yetu, unapigwa na mtu aliyechoka sana.

Kisha vikatulia.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilipandwa na hasira mpaka machozi yakanitoka. Ciza aliniambia! Alikuja kwa miguu yake akaniambia, nami nikamwita mvivu mbele ya watu!

"Njoo upige," nikamwambia Anastazi.

"Mimi sipigi tena siku hizi."

"Kibao kimoja tu. Kidole kimoja!"

Akazidi kuizamisha mikono mfukoni. Mpigaji wa miaka ishirini, anaogopa kinanda kama mtoto anavyoogopa sindano.

Nikakipindua, nikachukua bisibisi. Vichwa vya skrubu vilikuwa na mikwaruzo mipya. Mtu alishafungua kabla yangu, na bisibisi isiyoenea. Nikang'oa kifuniko cha chini. Nyuma ya nyundo kulikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi, kimefungwa uzi mwekundu. Nikakikata.

Kucha. Kucha za mtu mzima, kumi, zimekatwa hadi kwenye nyama, zimekauka.

Na kando yake, moja nyingine. Ndogo. Mpya. Ina rangi ya pinki yenye kumetameta.

Rangi ile naijua. Niliinunua mimi, sokoni Benaco, siku ya kuzaliwa kwa Nice.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka nimeshika kola ya Anastazi na mgongo wake uko ukutani.

"Umemfanya nini mwanangu? Sema!"

"Mimi nimekuita upime tu," alinong'ona. Macho yake hayakunikwepa. "Mwaka jana nani alisema kizima? Na leo, nani amesema kizima?"

Nikamzaba kofi. Halikunisaidia chochote.

Mama Niragira alikuwa mlangoni, ungo mkononi.

"Binti yako amekuja hapa tangu Jumatatu," alisema taratibu. "Anastazi alimpa ruhusa ya kufanya mazoezi. Nilimkataza, mwanangu. Nilimwambia hatujaganduka. Akasema mama yake atakipima, hakuna neno."

Nikakitupa kifurushi kile chote motoni, kwenye mafiga yake. Kikaungua kwa moshi mnene, ile harufu ikajaa uani.

"Inatosha, mama?"

Akachochea kuni. "Sijui. Zile kucha za Ciza hatukuziona akiwa hai."

Nilipanda bodaboda mvua ikiwa imeanza. Njia nzima nilimtukana Anastazi, nikajitukana na mimi, dereva akadhani namtukana yeye akazidisha mwendo. Kucha zimeungua, nilijiambia. Siku tano si miezi mitano. Nitamkuta anacheka na simu yake.

Nilimkuta mezani. Mzima, jamani! Amekaa, amekula, hata ugali ameumaliza. Nikaegemea fremu ya mlango kwa furaha.

"Shikamoo mama. Mbona umelowa hivyo?"

"Marahaba mwanangu. Ni mvua tu."

Akanyanyua kikombe cha chai, akakirudisha. Akakishika kwa mikono yote miwili, akajaribu tena. Kikagonga meza.

Tk.

"Mama, umenunua vikombe vingine? Hiki kizito."

Nikakichukua mkononi mwake.

Kilikuwa kitupu.