Jambazi wa Kanda Bubu

"Sikuuzii."

Hyasinti alidhani hakusikia vizuri. Soko la Mbinga Jumamosi ya msimu wa kahawa halina masikilizano: wanunuzi binafsi wanaita, malori yanapiga honi, wamama wa mihogo wanagombea kivuli. Akainama tena juu ya mafungu ya usipa mkavu, dagaa wa ziwani.

"Nimesema naomba mafungu mawili, dada."

"Na mimi nimesema sikuuzii. Ulichomfanyia yule mjane jana, Mungu anakuona."

Aliyesema hivyo alikuwa binti wa ziwani, kitenge cha njano, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikakubali, kilemba amekifunga upande. Jina lake Ottilia. Kila Ijumaa alipanda kutoka Mbamba Bay na magunia yake ya usipa, na jana yake jioni aliingia kwenye banda la video. Huko alimwona mwanamume huyu huyu, mwenye kovu juu ya nyusi ya kushoto, akimpora mjane shamba na kumsukuma matopeni.

"Dada, ile ni sinema. Yule mjane ni mama yangu mdogo. Tulipomaliza kupiga picha tulikula naye ugali."

"Na lile tope?"

"Alilichagua mwenyewe. Alisema la kule bondeni lina mawe."

Ottilia alicheka mpaka kilemba kikalegea. Akamfungia mafungu mawili, akaongeza la tatu.

Sinema zenyewe zilikuwa za Kilian, mpiga picha za harusi, ambaye kamera yake ya video ilikuwa imekufa masikio: picha inachukua, sauti haichukui hata chembe. Wenzake walimcheka. Yeye akaanza kutengeneza sinema bubu, akawa anasimama kando ya televisheni na kipaza sauti, anasimulia. Mtu asiyesikika lazima uso wake useme, na Mbinga nzima hapakuwa na uso unaosema kama wa Hyasinti, fundi wa mashine za kumenya kahawa. Mkanda wa mashine ulikuwa umemchana nyusi, na kovu hilo ndilo lililompa kazi ya pili. Mwaka wa kwanza aliigiza mwizi wa kahawa. Wa pili, mnyang'anyi wa mashamba. Wa tatu, yaani mwaka huo wa tisini na saba, Kilian alimpa bwana katili anayemlazimisha binti yatima kufunga naye ndoa. Watoto walimkimbia barabarani, na mwenye hoteli alihesabu vijiko kila alipomaliza kula. "Wakinichukia, nimefanya kazi," alikuwa akisema, tena kwa fahari.

Mapenzi yakakua kwa Jumamosi. Siku za katikati walitumia redio ya upepo ya misheni, na redio ile haina siri: unasema, unamalizia na "ova" ili mwenzako ajibu, na kila parokia inasikia.

"Mwizi wangu, umekula? Ova."

"Nimekula, lakini bila usipa wako ugali haupiti. Ova."

"Muongo wewe! Mapishi ya mama yako nayajua. Ova."

"Hapa Tingi," ikaingia sauti ya sista mmoja, "tunawasalimu wapenzi, na tunaomba mfupishe, tunasubiri habari za dawa. Ova."

Posa ikapelekwa, ikapokelewa. Matangazo ya ndoa yakasomwa Jumapili ya kwanza, ikapita. Ya pili, ikapita. Ya tatu, kule ziwani, paroko aliposema mwenye kujua kizuizi aseme, alisimama Shangazi Luisa, dada wa marehemu baba yake Ottilia, ndiye aliyemlea.

"Padri, huyo mwanamume ana ndoa. Nimeiona kwa macho yangu. Kanisani, pete, shela, na katekista pembeni."

Shangazi hakudanganya. Kilian, kwa ubahili wake, alikuwa ametumia kanda moja kwa mambo mawili. Harusi ya kweli ya jirani yake Shangazi ilipoisha, kanda ikaendelea na kipande cha sinema mpya: Hyasinti ndani ya suti nyeusi, yatima ndani ya shela, na kanisa ni kanisa kweli. Shangazi aliitazama kwa jirani huyo; kanda ilikuwa bubu na Kilian hakuwepo kusimulia. Mama wa watu aliona harusi ikifuata harusi. Hata mimi ningesimama.

Jumatatu redio ikalia.

"Hyasinti, una mke? Ova."

"Oti mpenzi, ile ni sinema! Ova."

"La mjane uliniambia. Hili mbona hukuniambia? Ova."

"Niliona haya. Nilishika pete ya mwanamke mwingine wiki ile ile niliyoleta posa kwenu. Nilidhani utaumia. Ova."

"Nimeumia sasa, mbele ya kanisa zima. Usiniite tena kwenye redio."

Hakusema ova.

Kilian alimshauri aache uigizaji, aende akaape kwa padri yaishe. Hyasinti alikuwa anakaza nati za mashine, akaweka spana chini.

"Siachi sinema, na Oti simwachi. Washa kamera yako, tazama kama kanda ya sinema nzima iko salama. Tunashuka ziwani."

Wakapanda lori la mahindi wakiwa na televisheni, deki ya video na jenereta dogo. Mvua ikanyesha, lori likazama kwenye tope katikati ya mteremko. Hyasinti hakungoja. Aliifunga televisheni kwa blanketi, akaibeba mgongoni kama mtoto, akashuka kona zote kwa miguu, Kilian nyuma yake akilalamika na jenereta kichwani. Jumapili asubuhi walifika Mbamba Bay, viatu havijulikani rangi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mkeo umemwacha wapi?"

Baada ya misa, paroko aliruhusu kanda iwekwe kwenye ukumbi wa parokia. Watu walijaa mpaka madirishani. Kilian akashika kipaza sauti, akakohoa kidogo ili aanze.

"Wewe kaa," alisema Shangazi Luisa. "Mwenye kanda atasema lolote."

Basi nani? Ottilia akatoka nyuma, na kile kitenge chake cha njano, macho yamevimba. Hakumtazama Hyasinti.

"Nisimulie mimi. Aliyetiwa aibu ni mimi, sina sababu ya kumpamba mtu."

Picha ikawaka. Ottilia akaanza. "Bibi harusi analia. Bwana anamkamata mkono. Jamani, tazameni jicho hilo! Katekista anauliza... binti anatikisa kichwa, hataki. Bwana anatoa pete. Anamvisha..."

Akasogea karibu na kioo.

"Kilian, rudisha nyuma."

Kilian akarudisha.

"Amemvisha mkono wa kulia," Ottilia alisema polepole. Kwenye ukumbi wamama wakaanza kutazama vidole vyao vya kushoto. "Hyasinti, kwa nini wa kulia?"

Hyasinti alisimama ukutani, tope limemkaukia mpaka magotini. Huyu mtu ambaye miaka mitatu hakuna aliyesikia sauti yake kwenye kioo, ilibidi aseme mbele ya wote.

"Kilian alinigombeza, akasema watu watagundua. Nikamwambia ataipata sinema yake, lakini wa kushoto simvishi mtu mwingine, hata kwa mchezo. Wa kushoto ni wako, Oti."

Ottilia alilia pale pale, kipaza sauti mkononi, na ukumbi mzima ukamsikia. Kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge, akasema, "Endelea, Kilian. Nataka nione mwizi wangu akipigwa." Kweli alipigwa: wanakijiji walimfukuza hadi kwenye shimo la maganda ya kahawa, akatumbukia, na watu wa Mbamba Bay wakashangilia kwa vigelegele.

Jumapili iliyofuata paroko alisoma tangazo upya. "Mwenye kujua kizuizi chochote, aseme."

Shangazi Luisa akasimama. Ottilia akafumba macho.

"Padri, hakuna," alisema Shangazi. "Ila Kilian anunue kamera inayosikia. Siku ya ndoa, mwanangu akisema ndiyo, nataka isikike mpaka Mbinga."